Wiki ya timu na hifadhidata ya nyaraka: uunganishe utafutaji kwa njia ipi?

Timu nyingi huweka maarifa yake sehemu mbili. Kuna wiki, tovuti ya ndani ambayo timu huiandika na kuihariri yenyewe, yenye maelekezo ya kazi, kumbukumbu za vikao na maelezo ya mifumo. Halafu kuna hifadhidata ya nyaraka, ambayo mara nyingi ilikuwepo miaka mingi kabla ya wiki: mikataba, ripoti, michoro, barua zilizopigwa skani, kila waraka ukiwa na namba, tarehe, mwandishi na orodha ya wanaoruhusiwa kuusoma. Wiki ikishazoeleka, manung'uniko huanza: kwa nini neno moja liandikwe kwenye visanduku viwili vya kutafutia, na kila kimoja kilete nusu ya jibu?

Mafundi wengi hukimbilia kusimika injini ya utafutaji na kumwaga kila kitu humo. Huko ni kuanzia katikati. Kabla ya kuuliza injini ipi, uliza nani atakagua ruhusa ya msomaji, na ataikagua wakati gani: pale waraka unapoingizwa kwenye faharasa (orodha ya maneno ambayo injini huisoma inapotafuta), au pale mtu anapotafuta? Jibu la swali hilo huondoa mezani nusu ya mapendekezo, na yanayobaki ni rahisi kuyapima.

Njia ninazolinganisha ni nne. Hazina uzito sawa, na sitazipa nafasi sawa.

Kiungo tu

Chini ya matokeo ya wiki unaweka mstari mmoja: "Tafuta neno hili kwenye nyaraka." Mtu akibofya, anapelekwa kwenye hifadhidata huku neno lake likiwa tayari limeshaandikwa kwenye anwani. Sharti ni moja: ukurasa wa utafutaji wa hifadhidata uwe unapokea swali kupitia anwani. Kazi yenyewe ni ya nusu siku.

Njia hii hudharauliwa kwa sababu haionekani kama uhandisi. Lakini ruhusa zinabaki pale pale zilipokuwa, hakuna nakala ya kitu chochote, na hakuna kinachoharibika wiki ikipandishwa toleo. Tena inakupa kipimo cha bure: hesabu ni mara ngapi kiungo kinabofywa. Kama ni mara chache kwa mwezi, umeokoa mradi mzima. Kama kinabofywa kutwa, una hoja ya kuombea bajeti.

Upo pia utaratibu wa kale kidogo, OpenSearch, uliotolewa mwaka 2005 na A9, kampuni ya Amazon, ambao hueleza kwa faili dogo la XML jinsi ya kutunga anwani ya kutafutia. MediaWiki, programu ya wiki inayoendesha Wikipedia, hutoa faili hilo yenyewe, na hifadhidata yako ikiwa nalo, kivinjari kinaweza kuiongeza kwenye orodha ya sehemu za kutafutia. Usichanganye na OpenSearch nyingine, injini ya utafutaji iliyochepuka kutoka injini ya Elasticsearch mwaka 2021. Jina limegongana tu, na majibu mengi ya mtandaoni huchanganya hizo mbili bila aibu.

Kuuliza pande zote mbili kwa mpigo

Hapa wiki inapopokea neno, hutafuta kwake, na wakati huo huo huipelekea hifadhidata swali hilo kupitia API yake, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuzungumza na nyingine. Msomaji anaona ukurasa mmoja wenye safu mbili: kurasa za wiki upande huu, nyaraka upande ule.

Nguvu yake kubwa ni kwamba hifadhidata ndiyo inayokagua ruhusa, na inakagua sekunde ile ile. Mtu aliyeondolewa kwenye mradi saa nne asubuhi haoni kitu saa nne na dakika moja. Lakini hilo ni kweli iwapo tu swali linatumwa kwa utambulisho wa mtu mwenyewe. Kosa la kawaida ni kuipa wiki akaunti moja ya huduma yenye uwezo wa kuona kila kitu, kisha kujifariji kwamba waraka wenyewe hautafunguka bila nenosiri. Waraka hautafunguka, kweli, ila kichwa chake kitakuwa kimeshasomwa. "Rasimu ya notisi ya kusitisha mkataba" ni habari kamili hata kama hakuna aliyefungua faili.

Kwa hiyo uliza mapema kama hifadhidata inakubali tokeni (vitambulisho vya kidijitali ambavyo mtu hupewa akishaingia) za mfumo ule ule wa kuingilia unaotumiwa na wiki. Kwa mifumo inayofuata OAuth 2.0, kiwango cha kupeana ruhusa kati ya programu, kuna utaratibu rasmi wa kubadilishana tokeni, RFC 8693 wa mwaka 2020, unaoiwezesha wiki kuuliza kwa niaba ya mtu fulani bila kuwa na nguvu za wote. Kama hifadhidata ni ya zamani na haijui lolote kuhusu tokeni, rudi kwenye kiungo. Nasema hivyo bila kusita.

Kasi nayo ina ujanja wake. Ukisubiri pande zote zijibu ndipo uonyeshe ukurasa, ukurasa wako utakuwa mzito kama upande ulio mzito zaidi. Onyesha matokeo ya wiki papo hapo, na safu ya nyaraka ijaze nafasi yake ikifika. Weka kikomo, tuseme sekunde 2 au 3, kisha andika wazi kwamba hifadhidata haijajibu. Usiache safu tupu, maana mtu atadhani hakuna waraka, na hiyo ni habari ya uongo.

Halafu linakuja ombi ambalo lazima utalisikia: "Kwa nini zisiwe orodha moja?" Kwa sababu alama za ulinganifu, zinazoonyesha tokeo linalingana kiasi gani na swali, za pande mbili hazilinganishiki. Injini nyingi hupanga matokeo kwa fomula ya BM25, ambayo ndani yake huhesabu neno ni adimu kiasi gani katika mkusanyiko *ule*. Neno "dhamana" linaweza kuwa nadra kwenye wiki na kuwemo katika kila mkataba wa hifadhidata. Alama 12 ya huku na alama 12 ya kule hazisemi kitu kimoja. Na kama hifadhidata hutafuta kwa LIKE, amri ya lugha ya SQL inayoangalia tu kama herufi zimo au hazimo, hakuna alama kabisa.

Atatokea mjuzi atakayependekeza kuunganisha kwa nafasi badala ya alama: mbinu iliyoandikwa na Cormack, Clarke na Büttcher mwaka 2009, ambapo kila tokeo hupewa 1 kugawanywa kwa jumla ya 60 na nafasi yake, kisha alama za orodha zote hujumlishwa. Ni mbinu nzuri pale orodha mbili zinapotaja vitu vile vile, maana kinachopendwa na orodha zote mbili hupanda juu. Lakini ukurasa wa wiki haumo kwenye hifadhidata, na mkataba haumo kwenye wiki. Orodha zisipogusana, hesabu yote hiyo huishia kuchukua mmoja wa huku, mmoja wa kule, kama kugawa karata. Acha safu mbili. Msomaji anajua anatafuta maelekezo au anatafuta mkataba, kuliko fomula yoyote.

Udhaifu halisi wa njia hii uko kwingine: huwezi kutafuta vizuri kuliko hifadhidata yenyewe inavyoweza. Hapo inabidi ufungue kofia ya gari uangalie kilichomo.

Jambo la kwanza la kuangalia ni kama maandishi ya nyaraka yamo. Hifadhidata nyingi za nyaraka huhifadhi kichwa, namba na njia ya kulifikia faili. PDF yenyewe imelala kwenye diski na hakuna aliyewahi kuisoma. Utafutaji wa hifadhidata ya namna hiyo hupata vichwa tu. Kama watu wako hutafuta kwa namba ya mkataba au jina la mradi, inatosha. Kama wanatafuta kifungu fulani ndani ya kurasa 80, haitoshi, na hakuna API itakayokisaidia kitu ambacho hakipo.

Baada ya hapo, tazama chombo chenyewe, yaani programu inayoendesha hifadhidata. PostgreSQL ina utafutaji wa maandishi kamili ndani yake tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008. Ukitengeneza safu ya tsvector (maneno ya waraka yaliyoandaliwa kutafutwa) na faharasa ya aina ya GIN, nyaraka laki kadhaa hazitakusumbua. MySQL huruhusu faharasa ya maandishi kamili, FULLTEXT, kwenye InnoDB, hifadhi yake ya kawaida ya data, tangu toleo la 5.6, ila kwa mpangilio wa kawaida huyaruka maneno yenye herufi chini ya 3, kwa hiyo vifupisho vya herufi mbili vya idara zako havitapatikana mpaka ubadilishe mpangilio na kujenga faharasa upya. MongoDB inaruhusu faharasa moja tu ya maandishi kwa kila mkusanyiko, basi amua mapema ni sehemu zipi zinaingia. Na ukikuta LIKE yenye alama ya asilimia mwanzoni mwa neno, jua kwamba faharasa ya kawaida haisaidii hapo: kila swali husoma jedwali zima. Kwenye PostgreSQL, kiendelezi cha pg_trgm, kinachopasua maneno vipande vya herufi tatu, hutibu hilo bila kugusa programu iliyopo, jambo linalokifanya kiwe cha thamani sana kwenye mifumo ambayo aliyeitengeneza ameshaondoka.

Faharasa ya pamoja

Sasa tumefika kwa injini. Solr, Elasticsearch na OpenSearch zote zimejengwa juu ya Lucene, maktaba ya msimbo wa utafutaji ambayo Doug Cutting aliianza mwaka 1999, kwa hiyo tofauti zao katika ubora wa utafutaji ni ndogo kuliko mabishano yanavyoonyesha. Chagua ile ambayo wiki yako inaijua tayari. XWiki, programu nyingine ya wiki, huja na Solr ndani yake. MediaWiki hutumia kiendelezi cha CirrusSearch, ambacho ndicho kinachoendesha utafutaji wa Wikipedia. Kila toleo la MediaWiki hutaja toleo la injini linalokubaliwa. Ukijipandishia injini kivyako umejitafutia taabu.

Faida ni kubwa, sitazificha. Mpango wa matokeo ni mmoja na una maana. Apache Tika huchota maandishi kutoka PDF, Word na aina nyingine nyingi za faili. Barua zilizopigwa skani hupitishwa Tesseract, programu inayosoma maandishi kwenye picha, ambayo ina data ya Kiswahili. Unaweza kuweka orodha ya visawe, vichujio vya mwaka na idara, na dondoo zinazoonyesha neno lilipotokea. Kwa timu inayoishi kwa kutafuta ndani ya nyaraka ndefu, hakuna njia nyingine hapa inayokaribia hii.

Gharama hulipwa polepole. Anza na kufutwa kwa nyaraka. Skripti ya kawaida huuliza hifadhidata kila baada ya muda: "Nipe vilivyobadilika tangu mara ya mwisho." Waraka uliofutwa haumo kwenye jibu hilo, kwa sababu haupo. Utaendelea kuishi kwenye faharasa, dondoo lake likionekana, miezi baada ya kuondolewa. Tiba ni kusikiliza mkondo wa mabadiliko wa hifadhidata, unaotaja kila badiliko linapotokea: PostgreSQL inao tangu 9.4, MongoDB tangu 3.6 (ila sharti iendeshwe kama kundi la nakala, yaani replica set, hata ikiwa ni seva moja), na CouchDB ina _changes ambayo hutaja hata vilivyofutwa. Kama mkondo haupatikani, linganisha orodha nzima ya namba za nyaraka za pande mbili kila usiku na ufute zilizozidi. Ni mbinu ya kizamani na hufanya kazi.

Ruhusa ni ngumu zaidi. Ndani ya faharasa, kila waraka hubeba nakala ya orodha ya makundi yanayoruhusiwa, na kila swali huchujwa kwa makundi ya anayetafuta. Nakala hiyo huzeeka. Msimamizi akibadilisha ruhusa ya folda moja ya juu, nyaraka elfu kadhaa chini yake zinapaswa kuandikwa upya, na mpaka kazi hiyo iishe kuna dirisha ambalo faharasa inasema mambo ambayo hifadhidata imeshayakataa. Wapo wanaofunga dirisha hilo kwa kuuliza hifadhidata mara ya pili kuhusu matokeo 10 yanayotaka kuonyeshwa. Ni vizuri, lakini idadi ya matokeo, hesabu za vichujio na mapendekezo ya maneno wakati mtu anaandika hutoka kwenye faharasa moja kwa moja. Neno lililomo kwenye waraka wa siri likijimalizia lenyewe kwenye kisanduku, siri imetoka.

Wenye MediaWiki wana jambo la ziada. Programu hiyo haikuundwa kwa ajili ya kuwazuia baadhi ya watu kusoma kurasa fulani. Nyaraka zake rasmi zinasema hivyo waziwazi. Kuingiza nyaraka zenye viwango vya siri ndani ya faharasa ya wiki ya namna hiyo ni kuomba kitu ambacho msingi wake haukijui. Faharasa ya nyaraka na ikae peke yake, iwe na mlinzi wake.

Na faharasa yenyewe ni nakala ya kila kitu mlicho nacho. Elasticsearch huwasha ulinzi yenyewe kuanzia toleo la 8.0 la mwaka 2022. Matoleo ya awali yalihitaji mtu akumbuke kuuwasha, na wengi hawakukumbuka. Inahitaji pia seva ya heshima: ushauri wa kawaida ni kuipa Java, ambayo injini huendeshwa juu yake, isizidi nusu ya kumbukumbu ya seva, nusu nyingine iachiwe mfumo endeshi. Mjadala wa leseni ya Elasticsearch ulioanza 2021 hauigusi sana timu inayotumia kwa kazi zake za ndani, kwa hiyo siupi nafasi.

Ukurasa wa wiki kwa kila waraka

Skripti husoma hifadhidata na kutengeneza ukurasa mfupi kwa kila waraka: kichwa, namba, mwandishi, muhtasari, kiungo cha kuufungulia. Utafutaji wa wiki hauguswi kabisa. Uzuri ambao njia nyingine hazina ni kwamba waraka unapata anwani ndani ya wiki: kurasa nyingine zinaweza kuurejelea, na watu wakaandika chini yake kwamba kifungu cha saba kilibadilishwa kwa barua fulani.

Inafaa pale nyaraka zikiwa mamia au elfu chache, na zote zikisomwa na timu nzima. Zikiwa na viwango vya siri, usijaribu, kwani ruhusa zimehamia kwenye wiki. Zikiwa elfu arobaini kando ya kurasa mia sita za wiki, kila utafutaji utazama kwenye nyaraka. Ziweke kwenye nafasi-majina (namespace, fungu la kurasa lenye jina lake) yake, isiyokuwemo kwenye utafutaji wa kawaida mpaka mtu aichague. Pia tenganisha sehemu inayoandikwa na skripti na ile ya binadamu, la sivyo maoni ya watu yatafutwa usiku.

Kiendelezi cha External Data cha MediaWiki kinaweza kuchota taarifa kutoka hifadhidata wakati ukurasa unaonyeshwa, na kinavutia kwa sababu hakuna cha kunakili. Ila utafutaji wa asili wa MediaWiki husoma matini kama ilivyohifadhiwa, si kama inavyoonekana, kwa hiyo kilichochotwa hakitafutiki. CirrusSearch, kinyume chake, husoma ukurasa ulioonyeshwa.

Kwa kutazama pamoja

| Njia | Anayekagua ruhusa | Maandishi ndani ya faili | Uchelewaji | Matunzo |
|---|---|---|---|---|
| Kiungo | Hifadhidata | Kama hifadhidata inayasoma | Hakuna | Karibu hakuna |
| Pande mbili | Hifadhidata, ukipitisha tokeni ya mtu | Kama hifadhidata inayasoma | Hakuna | Madogo |
| Faharasa ya pamoja | Nakala ya ruhusa | Ndiyo | Sekunde hadi siku nzima | Ya kudumu |
| Ukurasa kwa waraka | Wiki | Muhtasari tu | Mpaka skripti ipite tena | Ya wastani |

Kuna kitu jedwali halionyeshi: lugha. Vipunguza-maneno (vinavyorudisha neno kwenye shina lake) vinavyokuja na PostgreSQL na Lucene havina Kiswahili. Anayetafuta "mikataba" hatapata "mkataba", na kutafuta kwa mwanzo wa neno hakusaidii kwa kuwa badiliko liko huko huko mwanzoni. Kupasua maneno vipande vya herufi tatu husaidia kiasi, kwa gharama ya matokeo ya ovyo. Kinacholipa zaidi ni orodha ya visawe ya umoja na wingi: waraka na nyaraka, kikao na vikao, mradi na miradi. Maneno ya ofisini yanayotafutwa kweli si mengi hivyo, na mengi ni nomino. Orodha hiyo inawezekana kwenye faharasa ya pamoja, na kwenye PostgreSQL kwa kamusi ya visawe. Kwenye hifadhidata ya mtu mwingine huna pa kuiweka. Kwa timu ambayo nyaraka zake nyingi ni za Kiswahili, hilo peke yake linaweza kuhamisha uamuzi.

Chaguo langu kwa timu ya kawaida, yenye nyaraka za viwango tofauti vya siri na fundi mmoja asiye na muda, ni kiungo kwanza, kisha pande mbili endapo kinabofywa sana na hifadhidata inapokea tokeni. Faharasa ya pamoja naikubali mambo mawili yakikutana: watu wanahitaji maandishi ya ndani ya faili, na kuna mtu ambaye kazi yake rasmi ni kuitunza. Likikosekana la pili, punguza tamaa: weka kwenye faharasa nyaraka zile tu ambazo timu nzima inaruhusiwa kusoma, na zilizobaki zifikiwe kwa kiungo. Mgawanyo huo hauna urembo, lakini huondoa tatizo zima la nakala za ruhusa.

Kabla ya kuwafungulia watu, jaribu hivi. Tunga waraka wenye neno lisilokuwepo popote, uufungie kundi moja, kisha utafute neno hilo kwa akaunti isiyo ya kundi hilo. Angalia orodha, idadi ya matokeo, vichujio na mapendekezo ya maneno. Halafu ufungue kwa wote, utafute tena. Halafu ufute. Pima kila badiliko linachukua muda gani kuonekana, na uandike muda huo chini ya kisanduku cha kutafutia, ili aliyepandisha waraka asubuhi na asiuone ajue arudi kuutafuta saa ngapi.